UZI: Midoli ya zamani ya mashujaa wa komiki. Sura ni ya mchoraji, mwili ni wa moldi

Fundi Moldi

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni mashine za plastiki. Ndoo, mabeseni, vifuniko vya madumu. Nikishika kitu chochote cha plastiki, kabla sijajua ni nini nimeshakigeuza kutafuta mstari wa moldi (kalibu ya chuma inayoipa plastiki umbo) ulipopita na tundu plastiki ilikoingilia. Mke wangu amezoea. Hata msibani nageuza viti.

Sasa mdogo wangu alirudi likizo kutoka Marekani na boksi la midoli mikongwe ya Batman, Superman, Spider-Man na wenzao, aliyookoteza kwenye minada ya uani ambako watu wanauza vitu vya ndani kwao. Yeye anaipenda kwa sababu ya komiki. Mimi usiku ule nilikaa nayo mezani mpaka saa saba, na swali lililonikosesha usingizi lilikuwa moja: kwa nini Batman na Superman wana magoti yale yale?

Sisemi yanafanana. Ni YALE YALE. Wavue nguo wote wawili, walaze chali, funika vichwa. Huwezi kujua nani ni nani.

Tangu hapo nimesoma sana habari za vitu hivi. Sisi tunadhani mchoraji amechora shujaa, kiwanda kikachonga, basi. Si hivyo. Sura ndiyo ilitoka kwa mchoraji. Mwili una ukoo wake, na ukoo huo unaanzia kwa mwanamke mmoja wa Kijerumani.

Nitashusha kidogo kidogo, nipo shifti ya usiku.

Chuma Chakavu

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

mtoto_wa_ilala

Uzi wa midoli bila picha haunogi mkuu. Ila endelea.

Fundi Moldi

Picha zitakuja, simu yangu inagoma kupakia.

Tuanze Hamburg, Juni 1952. Gazeti la Bild linatoa toleo lake la kwanza na ukurasani kuna nafasi imebaki wazi. Mchoraji Reinhard Beuthien anaambiwa aijaze. Inasimuliwa kwamba alichora kwanza kitoto kichanga, bosi hakukipenda, ndipo akabakiza ile sura ya kitoto na kuipachika juu ya mwili wa binti mrembo mwenye nywele za mkia wa farasi. Akamwita Lilli. Lilli alipendwa, akawa anatoka mara kwa mara: mdomo mkali, anapenda starehe, anapenda wanaume wenye fedha.

Mwaka 1955 wakamtengenezea mdoli wa plastiki. Hakuwa wa watoto. Aliuzwa kwenye maduka ya sigara, watu wazima wakipeana kama utani. Mwaka 1956 Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alikuwa Uswisi na familia yake, akamwona Lilli dirishani, akanunua na kurudi naye Marekani. Machi 1959 akatoka Barbie. Ukiwasimamisha wawili hao pamoja huhitaji kuuliza nani ni mama na nani ni mtoto.

Kwa hiyo huyo Barbie ambaye watu wanamwona hana undugu wowote na komiki, bibi yake ni katuni ya gazetini. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Kilichobadilisha biashara si uzuri wa Barbie, ni kabati lake la nguo. Mdoli unamnunua mara moja, nguo unanunua kila sikukuu. Kiwandani tunaelewa hesabu hiyo. Moldi ya chuma ndiyo inayokula fedha, tena inakula zote mwanzoni, kabla hujauza hata kimoja. Ukishailipia, unataka itoe kitu kile kile mpaka ichakae. Kipande cha kitambaa hakina moldi.

Sharobaro Mstaafu

Mkuu sasa Barbie na Batman wapi na wapi? Mimi niliingia kwa ajili ya Batman.

Fundi Moldi

Vuta subira mkuu, ndiyo naelekea huko.

Miaka ya mwanzo ya 1960 kulikuwa na bwana anaitwa Stan Weston, kazi yake kuuza haki za kutumia majina na wahusika. Akaitazama Barbie akajiuliza: kwa nini wavulana wasiwe na ya kwao? Wazo lake likawa askari. Mwanajeshi mmoja, ila sare, bunduki, hema na kofia unanunua pembeni. Akampelekea Don Levine wa kampuni ya midoli ya Hasbro. Hasbro wakamlipa dola 100,000, mkupuo mmoja, mkataba umeisha. Askari huyo ndiye G.I. Joe wa mwaka 1964. Fikirieni wenyewe asilimia moja tu ya mauzo ingemfikisha wapi.

Levine ana kisa chake. Alipita kwenye duka la vifaa vya wachoraji akaona ile sanamu ya mbao yenye viungo, wanayoitumia wachoraji kujifunza mikao ya mwili. Hapo akapata jibu la viungo. Joe alikunja kiwiko, goti, kifundo, kiuno, ndani yake kukiwa na lastiki na kulabu.

Tatizo likabaki moja: baba gani wa Marekani wa mwaka 1964 atamnunulia mwanawe wa kiume mdoli? Hasbro wakapiga marufuku neno hilo. Wakatunga jina lao, "action figure", kama kusema kisanamu cha vitendo. Watu wa mauzo walikatazwa kabisa kutamka "mdoli".

Na kuna ujanja mwingine niliupenda. Mwili wa binadamu huwezi kuusajili kuwa ni wako. Mtu yeyote anaweza kuchonga mwanamume mwenye mikono miwili. Kwa hiyo Joe akapewa kovu kwenye shavu la kulia, na kidole gumba cha mkono mmoja kikawa na ukucha upande usio wake, kwa ndani. Mkiona ukucha huo kwenye mdoli wa kampuni nyingine, mmemkamata mwizi.

Chuma Chakavu

Ukucha kwa ndani! Hawa jamaa hawakuwa wanacheza.

mama_cherehani

Kiswahili kimewaokoa watu hapo, sisi wote tunasema mdoli na hakuna aliyekufa 😂

Fundi Moldi

Dada, hilo neno lilifika mpaka mahakamani, nitalifikia.

Sasa mashujaa. Mwaka 1966 Weston huyo huyo anarudi, safari hii kwa kampuni ya Ideal. Wazo: mdoli mmoja wa inchi kumi na mbili anayeweza kugeuka kuwa shujaa yeyote. Jina la kwanza lilikuwa Captain Magic, likabadilishwa kuwa Captain Action. Unamnunua yeye, halafu unanunua boksi la Superman, au Batman, au Phantom, au Captain America: vazi, viatu, silaha, na sura ya mpira ya kumvisha kichwani kama soksi.

Watazameni Superman na Captain America hapo. Superman ni wa DC, Captain America ni wa Marvel. Kampuni hizo mbili za komiki ni mahasimu, kwenye komiki za kawaida miaka ile hungewakuta pamoja. Ila kwenye mwili wa Captain Action walikaa wote, mmoja baada ya mwingine. Ni Barbie kabisa, ila kabati limejaa majoho.

Kwa macho ya fundi yule mdoli ni wa ajabu. Sura za mpira zinakunjamana shingoni, na shujaa anaonekana kama mtu aliyevaa shujaa, maana ndivyo ilivyo. Mwaka 1968 akafa kibiashara. Mwaka huo huo DC walimtolea komiki yake, matoleo matano tu. Yaani mdoli uliozaliwa wa kuvaa mashujaa wa komiki ukaishia kuwa shujaa wa komiki.

Sharobaro Mstaafu

Hapo sasa nimeelewa kwa nini ulianza na Mjerumani. Samahani mkuu.

Fundi Moldi

Usijali.

Sasa turudi kwenye magoti. Kampuni inaitwa Mego, ya New York, ya familia ya Abrams. Walianza na vitu vya bei ya chini kabisa. Mwaka 1971 wakatoa mdoli wa inchi nane anaitwa Action Jackson, wa kushindana na G.I. Joe kwa bei nafuu. Hakushinda. Ila mwili ule ulikuwa umeshalipiwa, moldi zipo, na hapo ndipo Marty Abrams alipoonyesha akili. Mwaka 1972 wakachukua haki za DC, na baadaye za Marvel, wakageuza vichwa na kushona nguo. Mfululizo ule wa midoli ukaitwa World's Greatest Super Heroes.

Mwili mmoja. Batman, Robin, Superman, Aquaman, kisha Spider-Man, Captain America, Falcon, Green Goblin, orodha ndefu. Kichwa kipya kina moldi ndogo, mwili ni ule ule. Wakataka kumtoa Clark Kent, yaani Superman akiwa raia wa kawaida? Kichwa chenye miwani na suti. Peter Parker, yaani Spider-Man bila vazi lake? Kichwa na shati. Hao wa siri, pamoja na Bruce Wayne (Batman) na Dick Grayson (Robin), waliuzwa na maduka ya Montgomery Ward tu mwaka 1974, na leo wanatafutwa kama madini.

Kwa hiyo jibu la swali langu la usiku ule: magoti ya Batman ni magoti ya Action Jackson. Marehemu aliwaachia wote.

mama_cherehani

Naomba niingilie kidogo kwa upande wangu. Mimi ni mshonaji na nimewahi kushonea midoli ya watoto wa kanisani. Watu hawajui kwamba unaweza kupunguza kipimo cha nguo lakini huwezi kupunguza unene wa kitambaa. Upindo wa nusu sentimita kwenye shati la mtu hauonekani. Kwenye shati la mdoli wa inchi nane ni kama godoro. Ndiyo maana ukitazama picha za hao Mego glavu zao ni kama za kutolea sufuria jikoni, vidole hamna. Nani atashona vidole vitano vya ukubwa huo? Na mgongoni wameweka vifungo vya chuma vya kubonyeza maana zipu haipiti.

Shujaa kachorwa amevaa nguo iliyomganda kama ngozi, halafu wewe unaambiwa ushone. Ngozi haishonwi. Nawapa pole waliokuwa wanazishona, kule Hong Kong.

Fundi Moldi

Dada umesema jambo ambalo sikuliona kabisa. Nilikuwa nazilaumu zile glavu.

Na ni hilo hilo lililokuja kuiua nguo. Mwaka 1976 Mego walipewa nafasi ya kuchukua haki za filamu ya Star Wars wakakataa. Kenner, kampuni ya Cincinnati, wakachukua, na mwaka 1978 wakaja na kisanamu cha inchi tatu na robo tatu, nguo imechongwa humo humo kwenye plastiki, hakuna cherehani. Udogo ule ulikuwa wa makusudi: mtoto aweze kuwa na ndege ambayo mdoli anaingia ndani, na ndege isizidi kitanda. Soko lote likafuata. Mego walijaribu kupunguza mashujaa wao kwa kipimo hicho ila mwaka 1982 wakaomba kufilisika.

Nguo ikishakuwa plastiki, hesabu yangu ya mwanzo inaharibika. Kila shujaa sasa anahitaji mwili wake, maana buti za huyu si buti za yule. Kuna njia mbili za kutoka hapo, na mwaka 1984 kampuni mbili zilizichukua zote mbili kwa wakati mmoja.

Chuma Chakavu

Unajua kukata panapouma mkuu 😂😂 shusha

Fundi Moldi

Nilikuwa nabadilisha moldi, mashine haisubiri.

Njia ya kwanza ni ya Mattel na Marvel. Mattel walitaka tukio kubwa la komiki la kubeba midoli yao. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, amesimulia kwamba Mattel waliwapima watoto na kukuta maneno mawili yanawasisimua: "secret" (siri) na "wars" (vita). Basi kitabu kikaitwa Secret Wars, matoleo kumi na mawili. Mattel walitaka pia deraya la Doctor Doom lifanane zaidi na mambo ya kisasa, maana walimwona kama mtu wa zama za mashujaa wa farasi.

Kwenye plastiki sasa, ubahili ulikuwa wa kiwango changu cha ndoo. Viungo vitano tu. Miili inarudiwa rudiwa, rangi zinabadilika. Kila mmoja akapewa ngao yenye picha inayobadilika ukiigeuza kwenye mwanga. KILA mmoja. Hata Wolverine, mtu mwenye makucha ya chuma mikononi, kapewa ngao. Hulk na Thor wamo kwenye hadithi tangu mwanzo, hawakutolewa kabisa. Mwanamke hakutolewa hata mmoja. Lakini Daredevil na Hobgoblin, ambao kwenye hadithi hiyo hawapo, wakatolewa. Mimi naona mkono wa mhasibu hapo. Hulk angehitaji mwili mpya, mkubwa, moldi yake peke yake. Daredevil anatosha kwenye mwili uliopo.

buda_wa_komiki

Hapa Nairobi, nasoma kimya tangu juzi. Ongeza Spider-Man mweusi. Lile vazi jeusi lilianzia kwa shabiki wa kawaida aliyewaandikia Marvel barua, wakamnunulia wazo kwa dola 220. Mattel wakatoa mdoli wake 1985. Kwa moldi yako, boss, hiyo ni nini? Mwili ule ule, plastiki nyeusi, rangi nyeupe kifuani. Kazi imeisha.

Fundi Moldi

Hahaha, umeshaanza kuwaza kama sisi.

Njia ya pili ni ya Kenner na DC: Super Powers, 1984 mpaka 1986. Hawa ndio nawavulia kofia. DC walikuwa na kitabu cha mwongozo cha mwaka 1982, kilichochorwa na José Luis García-López. Kila shujaa kachorwa mbele, nyuma, ubavuni, akiruka, akisimama, ili yeyote atakayetengeneza kikombe, fulana au mdoli amfuate. Wachongaji wa Kenner walikuwa na shujaa aliyekwisha kuzungushwa pande zote. Ndiyo maana ukimshika Superman wao, mabega na kidevu vinakwambia moja kwa moja ni mkono wa mchoraji gani. Katika boksi lote la mdogo wangu, hii ndiyo mara ya kwanza mwili nao ulipotoka kwa mchoraji.

Halafu wakaweka mtambo ndani. Ukimbana Superman miguu, anapiga ngumi. Wonder Woman anakinga kwa bangili. Flash unambana mikono, miguu inakimbia. Kila mmoja ana tendo lake. Nimemfungua mmoja aliyevunjika (mdogo wangu hajui) nikakuta vyenzo vidogo vya plastiki vinavyosukumana tumboni. Mkitaka nitachora. Ni kazi safi sana.

Halafu kuna Jack Kirby. Huyu alimuunda Captain America pamoja na Joe Simon, kazi iliyotoka 1941, na miaka ya 1960 akawa mmoja wa waliojenga nusu ya Marvel: Hulk, Thor, X-Men. Mwaka 1970 akahamia DC, akaunda mhusika mwovu Darkseid na dunia yake yote. Kwa utaratibu wa siku hizo, mchoraji analipwa kwa ukurasa, wahusika ni mali ya kampuni. Midoli ikiuzwa hapati kitu.

Kufikia miaka ya 1980 DC walikuwa na utaratibu mpya wa kuwapa wachoraji mrabaha, ila Darkseid alikuwa amezaliwa kabla yake. Basi Jenette Kahn na Paul Levitz wa DC wakatafuta mlango. Wakamwomba Kirby awachore upya Darkseid na wenzake kwa ajili ya Kenner. Michoro mipya, mkataba mpya, mrabaha unalipika. Mtazame Darkseid wa zamani na yule wa 1985: hajabadilika sana, na halikuwa lengo abadilike. Lengo lilikuwa mzee alipwe.

Wakati huo huo Marvel walikuwa wanavutana naye juu ya kumrudishia michoro yake mwenyewe ya asili, na Captain America wake amening'inia madukani ndani ya pakiti ya Secret Wars.

Sharobaro Mstaafu

Hii imenigusa. Kumbe kuna mdoli uliochongwa ili mtu apate haki yake.

mama_cherehani

Uliahidi mahakama.

Fundi Moldi

Sijasahau dada. Kampuni ya Toy Biz iliingiza Marekani midoli ya X-Men. Forodha wakasema huu ni mdoli, ushuru asilimia 12. Toy Biz wakasema si mdoli, ni kitu cha kuchezea, asilimia 6.8. Kisheria tofauti ilikuwa hivi: mdoli ni mfano wa binadamu. Kwa hiyo mawakili wa kampuni wakasimama mahakamani kuthibitisha kwamba Wolverine na wenzake si binadamu. Mwaka 2003 Jaji Judith Barzilay akawakubalia.

Mashabiki walikasirika sana, maana hadithi nzima ya X-Men ni watu wanaopigania kuitwa binadamu. Na kampuni iliyokuwa inawauza ndiyo iliyokwenda kuapa kwamba sivyo, ili ipunguziwe ushuru.

buda_wa_komiki

Wolverine kanyimwa ubinadamu kwa asilimia 5.2. Dunia hii.

mtoto_wa_ilala

Wakuu, mimi si mtu wa komiki ila uzi huu umenifanya nikachimbe kapu la mwanangu. Mwaka juzi nilimnunulia fungu la midoli ya mitumba pale Karume. Humo kuna jamaa wa bluu na nyekundu, kaputula nyekundu, herufi S kifuani, joho hana. Mgongoni kuna vitundu viwili. Kavunjika?

Fundi Moldi

Usimwoshe kwa maji ya moto! Geuza, usome maandishi madogo mwilini.

mtoto_wa_ilala

Nimetumia tochi ya simu. DC Comics, halafu 1984.

Fundi Moldi

Mshike miguu yote miwili kwa vidole, ibane taratibu iende kukutana.

Chuma Chakavu

Wote tunasubiri hapa.

mtoto_wa_ilala

Mkono umenyanyuka nusu ukakwama. Mwanangu amenipokonya, anasema siku zote huwa anaubana hivyo na unapiga, mimi ndiye sijui.